Nilivyomsahihisha Mzee Mwinyimvua

Kabla ya kununua gari niliandika insha. Ilikuwa na kurasa nne, yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na kichwa chake kilikuwa "Sifa za Gari Linalomfaa Mfanyakazi Kijana katika Taifa Linalojenga Ujamaa". Niliiandika kwa kalamu ya wino na kupigia mstari maneno matatu: uaminifu, uchangamfu, unafuu. Gari liwe aminifu, linifikishe kazini kila siku. Liwe changamfu, mwisho wa juma linipeleke ufukweni Kunduchi nami nifurahi. Liwe la bei nafuu, kwa sababu ambayo mtumishi yeyote wa umma ataielewa bila kuelezwa.

Nilimsomea insha hiyo Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wangu wa Mtaa wa Mchikichi, alipokuwa amekaa uani akipeta mchele. Alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza makapi, akauliza:

"Baba, unanunua gari au unaposa?"

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1980. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na shahada ya Kiswahili niliyoichukua pale Mlimani, na nilikuwa Afisa Lugha katika shirika moja la umma la uchukuzi huko Ubungo. Nilipewa kazi moja kubwa: kuwaandikia madereva wa malori kitabu cha mwongozo kwa Kiswahili, ili waachane na kile cha Kiingereza ambacho hawakukisoma. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Mwishoni mwa mwezi wa tatu kamati ya ajira ingekaa kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwetu Kibosho nikachume kahawa ya baba.

Na tayari nilikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Bibi Evarista, Afisa Utumishi wetu, aliponikabidhi ya pili alisema kwa upole kabisa, "Melkiori, ya tatu haitakuwa ya onyo. Ya tatu itakuwa ya kwaheri."

Nilimweleza kwamba tatizo ni basi. Foleni ilikuwa ndefu na mabasi yalikuwa machache, na hayo yalikuwa kweli. Sikumweleza kwamba watu wengine wa foleni ileile walifika makazini kwao mapema, kwa kuwa waliamka mapema. Jambo hilo halikuwamo hata katika insha.

Mume wa Bi Mwanamkuu aliitwa Kitwana. Alikuwa fundi wa magari kule Gerezani, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Aliposikia habari ya gari alinijia barazani.

"Mwalimu," alisema. Mtaani wote waliniita mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha mtu. "Siku unakwenda kuangalia hiyo gari, nichukue. Sitaki hata chai. Nataka kuinusa tu."

"Kuinusa?"

"Eeh. Mimi gari iliyotumika naanza kwa pua."

Nilitabasamu kama mtu anayemtabasamia mtoto. "Ahsante sana, fundi. Vigezo ninavyo."

"Haya," alisema Kitwana, akaenda zake.

Gari nililiona mwenyewe, limeegeshwa mbele ya nyumba moja mwisho wa Kariakoo, upande unaoshuka kwenda bonde la Jangwani. Lilikuwa dogo, la milango miwili, rangi ya maziwa, na kiooni limebandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa INAUZWA. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana haikukosea chochote. Mwenye gari alikuwa Mzee Mwinyimvua, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa kanzu safi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniletea kiti. Nikafungua insha yangu.

"Mzee, je, gari hili ni aminifu?"

"Halijapata kuniibia."

"Je, ni changamfu? Yaani, linafurahisha?"

Alifikiri kidogo. "Linafurahisha likiwaka."

Niliandika: changamfu. Kisha nikalizunguka gari mara mbili, nikapiga tairi teke kama nilivyowahi kuona watu wakifanya, nikafungua buti nikalitazama kwa uso wa mtu anayejua anachokitafuta. Mzee Mwinyimvua alikuwa akinifuata nyuma pole pole. Tulipofika tena mlangoni aliweka mkono juu ya bati, akakohoa, akasema:

"Mjukuu wangu, mimi nimekwisha kuhiji, siwezi kukuuzia kitu kwa kukuficha. Gari hii imewahi kuoga."

Nataka msomaji anielewe. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka mmoja uliopita. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya upatanisho wa kisarufi. Masikio yangu yalisikia makosa mawili katika sentensi moja, na hayakusikia kitu kingine.

"Gari *hili*, mzee," nilisema kwa adabu. "Gari hili *limewahi kuoshwa*. Kuoga ni tendo la mwenye mwili na utashi."

"Utashi ndiyo nini?"

"Hiari, mzee."

"Aaa." Mzee Mwinyimvua alitikisa kichwa taratibu. "Basi hapo umesema kweli. Kwa hiari halikuoga."

"Na limeoshwa mara ngapi?"

"Mara moja tu. Masika ya mwaka juzi."

Nikaona hapo ndipo pa kumbana. Nilimwambia kwamba gari ambalo limeoshwa mara moja tu tangu mwaka juzi haliwezi kuuzwa bei ile. Akapunguza bila ubishi, tena akapunguza zaidi ya nilivyoomba, jambo ambalo lingemshtua mtu asiye na shahada. Mimi lilinipa moyo. Nikamwahidi kwamba mikononi mwangu gari litatunzwa, litaoshwa kila Jumamosi.

Alinitazama kwa mshangao mkubwa, miwani ikamteremka hadi puani.

"Kila Jumamosi? Mjukuu wangu, litakufa!"

Tulicheka sote wawili. Nikalipa akiba yangu yote pamoja na fedha alizonitumia baba baada ya kuuza kahawa, nikaondoka nikipiga honi.

Majuma matatu ya kwanza yalikuwa ya raha. Jua la Dar es Salaam liliwaka, na gari nalo likawaka. Nilifika Ubungo saa moja na nusu kila asubuhi, nikaegesha mahali ambapo Bibi Evarista angeliona kutoka dirishani kwake. Nikiwa njiani niliwapungia mkono watu wa foleni ya basi, kitendo ambacho nilikiona cha kiungwana. Ofisini niliwaeleza wenzangu, bila kuulizwa, jinsi mtu anavyopaswa kuchagua gari kwa mbinu za kisayansi. Ahadi yangu ya kuliosha, kwa bahati, sikuitimiza hata mara moja.

Kitwana alilipita gari kila asubuhi akienda Gerezani. Aliinamisha kichwa dirishani, akavuta pumzi, akasema, "Hongera, mwalimu." Kila siku hivyo hivyo. Nilidhani ni kijicho.

Jumapili ya nne ya mwezi wa tatu nilikwenda Kunduchi na taulo na chapati mbili za Bi Mwanamkuu. Wakati ule magari ya binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kuokoa mafuta, kwa hiyo niliondoka ufukweni mapema. Njiani manyunyu yakaanza. Yalikuwa manyunyu ya kawaida, ya kumlowesha kuku. Nilipofika karibu na daraja la Salenda gari likakohoa mara tatu, likanyamaza. Niliwasha, nikawasha tena, nikafungua boneti nikaitazama injini kwa uso uleule niliolitazamia buti. Hatimaye nikashuka nikaanza kusukuma.

Askari wa usalama barabarani alinikuta ninahema.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa nane na dakika kumi, afande."

"Na Jumapili gari binafsi mwisho saa ngapi?"

"Saa nane, afande. Lakini siendeshi. Nasukuma. Katazo linahusu kuendesha."

Alinitazama kuanzia viatu hadi taulo lililokuwa shingoni. "Wewe mwanasheria?"

"Hapana. Afisa Lugha."

"Ndiyo maana."

Akavua kofia, akaiweka juu ya paa, tukasukuma pamoja hadi pembeni. "Iache hapa mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Ukiwasha kabla ya hapo nakukamata."

"Afande, likiwaka kabla ya hapo nitakuja kujisalimisha mwenyewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu.  Kitwana aliutazama mchanga kwenye ndara zangu, akanyoosha mkono, nikamkabidhi funguo na kumwambia lilipo gari.

Kesho yake nilikwenda kazini kwa basi, nikaponea chupuchupu. Jioni nilipitia Gerezani. Gari langu lilikuwa chini ya turubai, viti vimetolewa, zulia limekunjwa, na sakafu yake imetoboka tundu ambalo ningeweza kupitisha chapati. Nyaya zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Kitwana alichota kidole cha tope kavu kutoka ndani ya mlango, akanipa ninuse. Lilinuka kisima cha zamani.

"Hili tope la bondeni," alisema. "Mwalimu, mwenye gari hakukwambia kitu?"

"Hakunificha kitu. Ni hajji. Alisema hawezi kuniuzia kwa kunificha, kwamba limewahi ku..." Nikajisikia mwenyewe nikisema.

"Limewahi kufanya nini?"

"Kuoga."

Kitwana aliweka spana chini. "Alikwambia imeoga?"

"Alisema 'gari hii imewahi kuoga'. Nikamsahihisha."

"Ukamsahihisha vipi?"

"Nikamwambia gari haliogi, gari huoshwa."

Kitwana alikaa juu ya tairi. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakimtetemeka, kisha sauti ikaja, kisha machozi. "Njooni!" aliwaita mafundi wenzake. "Njooni msikie! Rudia, mwalimu. Rudia ile ya kuoshwa." Nilirudia. Walikuja wengine waliokuwa chini ya magari, nikarudia tena kwa ajili yao. Mmoja aliomba nimrudilie polepole ili akamsimulie mkewe.

"Sikiliza," alisema Kitwana alipokwisha kujifuta macho. "Sisi mtu akisema gari imeoga, maana yake iliingia mafuriko. Maji mpaka kwenye viti. Mzee Mwinyimvua gari yake ililala Jangwani siku mbili, Kariakoo nzima inajua. Kakwambia ukweli wote, tena kwa Kiswahili."

Nilikaa kwenye tairi la pili. Nilimkumbusha kwamba kamati yangu ingekaa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

"Nitaikausha na nitaiziba," alisema. "Jua likiwaka itakwenda. Mvua ikinyesha, usiitegemee hata kwenda msalani. Alhamisi kama kuna mvua, tutakwenda kwa miguu."

"Mpaka Ubungo?"

"Ubungo imehamishwa?"

Jumatano alasiri mvua ilianza, na haikuwa ya kumlowesha kuku. Alhamisi kulipokuwa kunapambazuka bado ilikuwa inamwagika. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya mahafali. Nakala ya mwongozo wa madereva, uliokuwa umekwisha kuchapwa na kugawiwa, nilikuwa nimeifunga ndani ya mfuko wa mbolea alionipa Bi Mwanamkuu. Nikatoka nje, na kwa kuwa mtu haachi ujinga wake kwa siku moja, nikaingia garini kwanza. Niliwasha. Lilikohoa. Niliwasha tena. Kitwana alikuwa amesimama barazani na suruali iliyokunjwa hadi magotini.

"Umekwisha kuiaga?" aliuliza.

Nikashuka, nikakunja suruali ya suti.

Pale Jangwani maji yalikuwa yamevuka barabara. Mabasi mawili yalikuwa yamesimama upande wetu, madereva wakivuta sigara madirishani, na watu walikuwa wanavuka kwa miguu wameshikana mikono, viatu vichwani. Kitwana alinishika kiwiko. Katikati ya maji niliteleza, nikakaa kabisa, mfuko wa mbolea nikiwa nimeunyanyua juu. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma yetu alisema kwa sauti, "Msomi anaoga!" Sikuwa na la kusahihisha.

Kutoka Magomeni kwenda mbele Kitwana alinisimulia maisha yake, kwa sababu nilikuwa nimenuna na alitaka kunichangamsha. Alizaliwa Kisarawe. Alikuja mjini mwaka hamsini na moja, akaajiriwa Gerezani na fundi mmoja Kalasinga kuosha nati kwa mafuta ya taa. Miaka miwili aliosha nati tu. Kalasinga yule alikuwa hazungumzi sana, akimfundisha kwa kumfumba macho na kumpa chuma anuse: hiki kimeungua, hiki kimeingia maji, hiki kizima. Baadaye Kalasinga alihamia Kanada, akamwachia Kitwana boksi la spana na turubai. Magari aliyoyafufua hakuyahesabu. La kwake hakuwahi kuwa nalo.

"Hutaki?"

"Niende nayo wapi? Kazini kwangu ni huko huko zinakoletwa zikiharibika."

Nami, kwa kuwa nilihitaji kujihisi mtu wa maana, nikamfungulia habari ya mwongozo wangu. Nikamweleza istilahi nilizobuni. Rejeta nimeiita kipozamoto. Klachi, kiachanishi. Breki, kizimamwendo.

Tulipopita Manzese Kitwana alijipangusa mvua usoni. "Mwalimu," alisema, "dereva anashuka na lori kule Kitonga, tani kumi nyuma. Utingo anampigia kelele, 'Kizimamwendo! Kizimamwendo!' Mpaka amalize kutamka wako bondeni wote."

Nilitaka kumjibu kwamba lugha hukua. Maji yalikuwa yanatoka viatuni mwangu kwa kila hatua, yakifanya sauti isiyomsaidia mtu kubishana. Nikamwuliza badala yake, na lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumwuliza kuhusu kazi yake: "Wao wanasemaje?"

Akaniambia. Akaniambia jinsi breki inavyokanyagwa, inavyolewa, inavyoshika. Akaniambia gari linavyokosa, linavyovuta upande, linavyokula tairi. Hadi Ubungo aliongea yeye na mimi niliuliza.

Tulifika getini saa mbili kasoro dakika saba. Kitwana akabaki kwa mlinzi, mimi nikapanda ngazi nikiacha alama.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja wa makao makuu ambaye alikuwa na mafua na hakusema sana. Wa pili alikuwa Bibi Evarista na faili langu. Wa tatu alikuwa Bwana Ignasi, mkuu wa madereva, aliyeendesha malori ya Zambia miaka kumi kabla ya kukalia kiti. Bibi Evarista alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akaitazama tena saa kana kwamba mmoja wetu anadanganya.

"Nusu ya ofisi haijafika," alisema. "Jangwani hapapitiki. Wewe umepita na gari?"

"Hapana, Mama. Kwa miguu."

"Kwa nini? Si una gari, sote tumelisikia."

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila swali, lakini sio hilo. Nikawaambia. Niliwaambia yote, insha, mzee, kuoga, kuoshwa, na jinsi nilivyomwahidi kuliosha kila Jumamosi. Mwenyekiti alipiga chafya iliyofanana na kicheko. Bwana Ignasi hakuificha. Aliegemea kiti akacheka hadi akashika tumbo. Kisha akakatisha, akafungua nakala yake ya mwongozo.

"Ukurasa wa kumi na mbili," alisema. "'Bonyeza kizimamwendo taratibu.' Madereva wangu wamenirudishia vitabu thelathini. Kimoja kimerudi nusu, nusu nyingine imefungiwa karanga. Kizimamwendo ni kitu gani?"

"Ni breki."

"Sasa kwa nini hukuandika breki?"

Jumatatu ningekuwa na jibu la dakika ishirini. Maji yalinitiririka kutoka kwenye mkono wa koti hadi sakafuni, na wote watatu walikuwa wanayatazama.

"Sikuwahi kumwuliza dereva hata mmoja," nilisema. "Na breki haibonyezwi. Inakanyagwa. Nipeni kazi nikiandike upya, nitaanzia kwenye karakana."

"Kabla hujaanza unajua breki ikilewa ni nini?"

"Ukikanyaga haishiki, mpaka uikanyage mara mbili tatu. Mara nyingi ni hewa imeingia."

Bwana Ignasi alifunga kitabu. Alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa ndani ya leso. Bibi Evarista akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja mrefu ndani ya faili, akagonga mhuri.

"Umethibitishwa," alisema. "Kitabu kipya kabla ya mwezi wa tisa. Na sasa sogea mbali na meza yangu, Melkiori, unanilowanishia mafaili ya watu wakavu."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Kitwana alikuwa bado getini, anashiriki muhogo wa kuchoma na mlinzi, mvua ikiwa imepungua.

"Vipi?" aliuliza.

"Wamenipa."

"Afadhali." Alipangusa mikono kwenye suruali, akaikunja upya. "Sasa rudi juu ukafanye kazi. Ndiyo kwanza saa tatu."

Nilimwomba anisubiri tu hadi mchana, tupande basi pamoja, nimlipie. Alikuwa ameshageuka kuelekea mjini. Alisema kuna lori la mtu linamsubiri Gerezani, na mwenye lori si mtu wa kungojeshwa.